KUAHIRISHA CHUO SI KUAHIRISHA DENI

Najua utauliza mtoto wa kidato cha tatu ana habari gani na mambo ya chuo kikuu. Ni haki yako kuuliza. Mimi mwenyewe sikuwa nayo hadi siku barua ya deni ilipofika nyumbani na mama akaniita nimsomee.

Barua ilikuwa ya kaka yangu. Kaka aliondoka chuoni akiwa mwaka wa pili, baba alipougua, akaja kusimamia kibanda chetu cha kutengeneza baiskeli. Alituambia, "Nimeahirisha tu." Kumbe hakumwandikia mtu yeyote! Alibeba godoro, akapanda matatu, akaja zake. Hiyo si kuahirisha, hiyo ni kutoroka, ila sisi nyumbani hatukujua tofauti.

Tofauti ni hii. Kuahirisha, ambako wanafunzi wenyewe huita kudifa, ni kukiandikia chuo barua ukieleza sababu, iwe ni ugonjwa au karo, nacho kikujibu kwa maandishi kwamba umeruhusiwa na lini utarudi. Bila barua hiyo wewe umepotea tu.

Sasa tuje kwenye pesa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile watu huiita HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Mikopo yenyewe ni ya zamani kuliko Bodi, kwani serikali ilianza kuitoa miaka ya 1970, lakini kuidai kulikuwa kazi ngumu. Mkopo huombwa upya kila mwaka. Fungu la karo huenda moja kwa moja chuoni, na fungu la matumizi humfikia mwanafunzi. Kwa hivyo aliyeondoka mwaka wa pili hadaiwi ya miaka minne, anadaiwa ile iliyokwisha kutolewa kwa jina lake. Hapa wengi hukosea, kaka akiwa mmoja wao. Yeye alifikiri ya karo si deni lake kwa vile hakuishika mkononi. Tena alidhani kwa kuwa hana digrii, hana deni. La hasha! Bodi haikumkopesha digrii, ilimkopesha pesa.

Riba ya mkopo huo ni 4% kwa mwaka, na kusema kweli ni nafuu. Tuchukue mfano wa mtu aliyepokea shilingi 80,000 kwa miaka miwili. Riba ya mwaka ni shilingi 3,200 hivi. Lakini faini ya kutolipa wakati deni limeiva ni shilingi 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka! Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea. Kinachommaliza mtu si riba, ni kunyamaza.

Je, deni huiva lini? Sheria yataka malipo yaanze katika muda wa mwaka mmoja baada ya masomo kwisha. Bodi nayo hutazama mwaka ulioingia na urefu wa kozi yako. Basi aliyedifa mwaka mzima bila kuijulisha anaweza kuhesabiwa amemaliza, kumbe angali darasani. Ndiyo maana nakala ya ile barua ya chuo yafaa ifike kwa Bodi pia, na nyingine ibaki nyumbani, mbali na panya.

Asiyelipa jina lake laweza kupelekwa kwa wanaohifadhi rekodi za wakopaji, na hapo benki humkunjia uso. Akiajiriwa, mwajiri analazimika kumkata mshahara. Kisha kuna wadhamini. Katika fomu ya kaka palikuwa na jina la baba, na baba wakati huo hakuweza hata kuketi kitandani.

Mama hakupiga kelele. Alimwambia kaka, "Vaa shati, twende." Hawakuhitaji kufika Nairobi, maana Bodi ina meza katika vituo vya Huduma. Walieleza hali ilivyo, wakakubaliana kiasi cha kulipa kila mwezi. Siku hizi kaka hulipa kwa simu jioni, baada ya kufunga kibanda. Ujumbe ukiingia huniita niandike tarehe na kiasi nyuma ya daftari langu kuukuu la hisabati. Tumeshaandika mistari saba.