Soka la Uskoti: Kesi ya Nyani, Hakimu Ngedere

Ijumaa Kuu ya mwaka 2020, Aprili 10, viongozi wa Ligi ya Soka ya Kulipwa ya Uskoti, SPFL, walikuwa wanasubiri kura. Corona ilikuwa imefunga viwanja tangu Machi, na bodi ya ligi ilizitaka klabu zote 42 zijibu kabla ya saa kumi na moja jioni: je, msimu wa madaraja matatu ya chini uishie hapo ulipofika, anayeongoza apewe ubingwa na anayeshika mkia ashuke? Fedha za zawadi za mwisho wa msimu zilifungwa kwenye swali hilohilo. Msimu ukimalizwa, klabu zinalipwa. Na klabu nyingi zilikuwa hazina hata senti ya kuingia mlangoni.

Daraja la pili, Championship, lina timu 10, na azimio lilihitaji kura nane kutoka humo. Muda ulipofika, saba zilikuwa zimekubali, mbili zimekataa. Ilibaki Dundee. Dundee ikasema imeshatuma kura yake, na kura yenyewe ni hapana. Ligi ikajibu kuwa haijaiona. Baadaye ikajulikana kuwa barua pepe ilinaswa kwenye mitambo ya kuchuja ujumbe. Kabla vumbi halijatulia, Dundee wakaomba kura ile isihesabiwe, na siku tano baadaye wakapiga nyingine. Safari hii walisema ndiyo. Azimio likapita.

Partick Thistle, iliyoshika mkia Championship, ikashushwa daraja ikiwa nyuma kwa pointi mbili tu huku ina mchezo mmoja mkononi. Stranraer ya daraja la tatu nayo ikaenda na maji. Azimio lilelile liliipa bodi ruhusa ya kuifunga pia Ligi Kuu, na Mei ikafanya hivyo. Hearts, klabu kongwe ya Edinburgh, ilikuwa ya mwisho kwa tofauti ya pointi nne na mechi nane zimebaki. Ikashuka. Hearts na Partick wakaenda mahakamani, mahakama ikawarudisha kwenye usuluhishi wa Shirikisho la Soka la Uskoti, SFA, na huko wakashindwa. Rangers walidai uchunguzi huru wa jinsi kura ilivyoendeshwa. Hoja hiyo nayo ikapelekwa kupigiwa kura na klabu zilezile, ikaanguka.

Kampuni ya ukaguzi ya Deloitte iliajiriwa na ligi yenyewe kuangalia suala la kura ya Dundee, na haikukuta ushahidi wa mtu kufanya hila. Mimi sina sababu ya kuamini vinginevyo. Tena naona habari ya hila iliwapotezea watu wengi muda. Kilichopaswa kuwashtua ni kwamba kila kitu kilikwenda kwa mujibu wa kanuni. Aliyeongoza aliulizwa kama anataka kupanda, aliyeshika mkia akaulizwa kama anakubali kushuka, na waliobaki wakaulizwa kama wanataka hela zao sasa au baadaye. Hakukuwa na mpiga kura hata mmoja asiyekuwa na maslahi kwenye jibu.

Hawa si wageni wa mchezo. SFA ilianzishwa mwaka 1873, ya pili kwa umri duniani baada ya ile ya England. Mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa ilichezwa Glasgow Novemba 30, 1872. Hata leo, kwenye chombo kinachotunga sheria za soka duniani, IFAB, Uskoti ina kura yake moja ya kudumu, wakati nchi zetu za Afrika Mashariki zinasemewa na FIFA pamoja na dunia nzima iliyobaki. Na watu wake wanapenda mpira kweli: ukilinganisha idadi ya watu na idadi ya wanaoingia viwanjani, Uskoti iko juu kabisa Ulaya.

Matatizo ya karibuni yalianza kupikwa mwaka 1998, klabu kubwa zilipojitoa kwenye ligi iliyokuwapo tangu 1890 na kuunda Ligi Kuu yao, SPL, ili mapato yasigawanywe kwa wengi. Ndani ya katiba ya SPL wakaweka kanuni ambayo kila Mskoti anayefuatilia mpira anaijua kwa jina moja: kumi na moja kwa moja. Ili kubadilisha mambo mazito, hasa mgawo wa fedha, zilihitajika kura 11 kati ya 12. Maana yake klabu mbili zikiungana kukataa, kumi zilizobaki hazina la kufanya. Msomaji aliyekulia kati ya Simba na Yanga hahitaji kuambiwa ni klabu mbili zipi. Celtic na Rangers, zote za Glasgow, zinazoitwa kwa pamoja Old Firm, ndizo zilizobeba ubingwa wa misimu 40 mfululizo, kuanzia 1985/86 hadi 2024/25. Wa mwisho kuwakatiza kabla ya hapo walikuwa Aberdeen ya Alex Ferguson mwaka 1985.

Mwaka 2002 ligi ilipanga kuanzisha televisheni yake. Celtic na Rangers wakagoma, mpango ukafa. Klabu kumi zilizobaki zilikasirika kiasi cha kutoa taarifa ya kujiuzulu ligi kwa pamoja, na ilichukua miezi kadhaa ya mazungumzo kuwarudisha. Hapo ungeweza kusema kanuni ni silaha ya wakubwa, basi. Lakini Aprili 2013 uliletwa mpango wa kupanga upya madaraja, timu 12, 12 na 18, pamoja na mgawo bora wa fedha kwa wadogo. Klabu kumi zikaunga mkono. St Mirren na Ross County, ambazo hakuna anayeziita kubwa, zikakataa. Mpango ukafa kwa kisu kilekile. Ndiyo maana siwaelewi wanaodhani dawa ni kuwapunguzia nguvu Old Firm peke yao. Klabu yoyote ukiipa turufu itaitumia kwa ajili yake.

Halafu kuna sakata la Rangers, ambalo hadi leo likitajwa kwenye baa ya Glasgow watu husogeza viti.

Mei 2011 mfanyabiashara Craig Whyte alinunua klabu hiyo kutoka kwa Sir David Murray kwa pauni moja, kwa ahadi kuwa deni la benki la pauni milioni 18 atalilipa. Lililipwa, ila fedha zilitoka kwa kampuni ya Ticketus, iliyonunua tiketi za misimu ambayo ilikuwa bado haijachezwa. Kwa maneno mengine mashabiki walilipia klabu yao kuuzwa, bila kujua. Miezi michache baadaye ikafichuliwa na BBC kuwa Whyte aliwahi kupigwa marufuku ya miaka saba kuwa mkurugenzi wa kampuni. Klabu ikaacha kupeleka kodi, na Februari 14, 2012 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Juni mamlaka ya kodi ikakataa mapendekezo ya kulipwa sehemu ya deni, kampuni ya zamani ikaelekea kufilisiwa, na mali zake zikanunuliwa na kampuni mpya kwa pauni milioni 5.5. SFA ilimfungia Whyte maisha. Kwenye kesi ya jinai ya namna alivyoinunua klabu, mwaka 2017, baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia ya udanganyifu. Kisheria yamekwisha. Kiutawala, swali la nani alipaswa kumkagua kabla hajashika funguo za Ibrox, uwanja wa Rangers, halijapata jibu linaloridhisha.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Wakuu wa soka walitaka Rangers mpya irudishwe juu, kama si Ligi Kuu basi daraja la pili. Hofu yao ilikuwa fedha za televisheni, na mtendaji mkuu wa SFA wa wakati huo, Stewart Regan, alifika mahali pa kuonya kuhusu vurugu za kijamii. Mashabiki wa klabu nyingine wakasema neno moja tu: mkiwapitisha, hatununui tiketi za msimu. Julai 4, 2012 klabu kumi za Ligi Kuu zikawakataa, Kilmarnock haikupigia kura upande wowote. Siku tisa baadaye klabu 25 kati ya 30 za madaraja ya chini zikaamua Rangers waanzie daraja la nne kama timu nyingine yoyote ngeni. Mwezi uliofuata watu zaidi ya 49,000 walikwenda Ibrox kuwatazama wakicheza na East Stirlingshire. Kiama kilichotabiriwa hakikuja. Mara ile moja mashabiki, ambao hawakuwa na kura kwenye vikao hivyo, ndio walioamua, na waliamua vizuri kuliko waliolipwa mshahara kuamua.

Sisi wa huku tunaukumbuka msimu huo kwa sababu nyingine. Novemba 7, 2012 Victor Wanyama wa Kenya aliruka kwenye kona na kuifungia Celtic bao la kwanza dhidi ya Barcelona, mechi iliyoisha 2-1. Kiangazi kilichofuata aliuzwa Southampton kwa takriban pauni milioni 12.5. Weka kiasi hicho pembeni ya hiki: mkataba wa sasa wa Sky na SPFL, wa hadi mwaka 2029, ni karibu pauni milioni 30 kwa mwaka, kwa ligi yote. England, kuvuka mpaka tu, haki za ndani za Ligi Kuu zinazidi pauni bilioni 1.6 kwa mwaka. Kwa hiyo Uskoti anayeishi vizuri ni yule anayefika Ulaya na kuuza wachezaji, naye huwa ni yuleyule. Wengine wanaishi kwa kiingilio cha mlangoni, na pale tajiri anapojitokeza, hawamwulizi mengi.

Gretna ni kijiji cha mpakani chenye watu takriban 3,000. Tajiri Brooks Mileson aliimwagia fedha klabu ya hapo hadi ikapanda madaraja matatu mfululizo na kucheza fainali ya Kombe la Uskoti 2006, ikafungwa na Hearts kwa penalti. Ilipofika Ligi Kuu uwanja wake haukukidhi vigezo, ikawa inahesabu Motherwell kuwa nyumbani, zaidi ya kilomita 100 kutoka kijijini. Mechi moja dhidi ya Inverness iliingiza watu 431. Mileson akaugua, fedha zikakatika, na mwaka 2008 klabu ikafa. Inverness wenyewe, mabingwa wa Kombe la Uskoti 2015, Oktoba 2024 waliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi na kunyang'anywa pointi 15. Kati ya matukio hayo mawili ipo miaka 16 na ripoti lukuki.

Ripoti iliyosikika zaidi ni ya Henry McLeish, aliyewahi kuongoza serikali ya Uskoti na kabla ya hapo kucheza mpira East Fife. SFA ilimpa kazi hiyo, naye mwaka 2010 akapendekeza kamati zipunguzwe, ligi ziunganishwe chini ya chombo kimoja, na uamuzi utolewe mikononi mwa wenye maslahi binafsi. SFA ilipunguza kamati mwaka 2011. Ligi ziliungana mwaka 2013, na sidhani zingeungana bila kishindo cha Rangers. Pendekezo la tatu, lililokuwa na uzito kuliko yote, lilibaki kwenye karatasi. Mwaka 2020, wakati wa kujaribu kuiongeza Ligi Kuu ifike timu 14 ili Hearts isishuke, hesabu ya 11 kwa 1 ilikuwa bado ipo palepale, na mpango haukufika popote.

Palipobadilika kweli ni chini. Hearts iliyofilisika Juni 2013 iliokolewa na mashabiki wanaokatwa kiasi kidogo kila mwezi kupitia Foundation of Hearts, na Agosti 2021 hisa nyingi zikawa zao. St Mirren iko hivyo pia. Motherwell iko hivyo, na mwaka 2024 wanachama wake walimkatalia mwekezaji wa Kimarekani aliyetaka wapunguze umiliki wao. Dunfermline, ambayo Wanyama aliichezea kwa muda mfupi mwaka 2025, nayo iliwahi kuokolewa na mashabiki wake. Hawa wamejifunza kuuliza maswali kabla ya kutia saini. Ila nisimpake mtu mafuta: klabu ya mashabiki ikifika kwenye kikao cha ligi hupiga kura kwa ajili ya tumbo lake kama ya tajiri.

Ndiyo maana macho yanageukia kusini. Julai 2025 England ilipata sheria inayounda msimamizi huru wa soka, mwenye mamlaka ya kutoa leseni kwa klabu za madaraja matano ya juu, kukagua wamiliki na kufuatilia hesabu zao. Sheria hiyo haivuki mpaka, kwa sababu michezo Uskoti iko chini ya Bunge la Uskoti, lililoko Edinburgh. Wapo wanaotishia kuwa FIFA haipendi mkono wa serikali. England imeshaunda chombo chake na bado inacheza. Wapo wanaosema timu ya taifa ya wanaume ilifuzu Kombe la Dunia 2026, la kwanza kwake tangu 1998, kwa kuifunga Denmark 4-2 kwenye uwanja wa Hampden, kwa hiyo mambo si mabaya. Usiku ule ulikuwa mtamu, lakini mabao ya timu ya taifa hayakagui hesabu za klabu.

Msimamizi huru hatawapa Aberdeen ubingwa, na anayewaahidi hivyo mashabiki anawadanganya. Anachoweza ni kumkagua mnunuzi kabla klabu haijauzwa, na kuamua migogoro ya mgawo na madaraja bila kuwa na timu mezani. Bunge la Edinburgh lina uwezo wa kutunga sheria hiyo. Lisisubiri klabu ziiombe, kwa kuwa hazitaiomba.