Manowari Kubwa Ndiyo Ushindi? Kweli na Uongo Kuhusu Vikosi vya Majini katika Hearts of Iron IV

Wapo wachezaji wa Hearts of Iron IV wanaoteka nusu ya Ulaya kwa vifaru, kisha wakishuka baharini wanapoteza kila kitu kwa mapigano mawili. Gemu hiyo ya mkakati wa Vita Kuu ya Pili ilitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Paradox Interactive ya Sweden. Nyongeza yake ya Man the Guns, iliyotoka mwaka 2019, ilimpa mchezaji uhuru wa kubuni meli zake mwenyewe: mizinga, injini, deraya, hadi vifaa vya kusaka nyambizi. Pamoja na uhuru huo zikaja imani nyingi zinazopokezanwa bila kupimwa. Tuzipime sita.

1. "Ukiwa na manowari kubwa nyingi, umeshinda."

Si kweli. Pambano la majini katika gemu hii lina safu. Mbele husimama meli za kinga, yaani destroya na kruza nyepesi. Nyuma yake ni meli kuu: manowari zenye mizinga mizito, pamoja na kruza nzito. Nyuma kabisa ni meli za kubeba ndege. Safu ya mbele ikiwa pungufu, topido za adui hupenya hadi kwa meli kuu, na deraya uliyoilipia kwa miaka ya ujenzi haizuii topido. Tena mizinga mizito hulenga kwa shida vyombo vidogo vyenye kasi, kwa hiyo manowari isiyo na kinga haiwezi hata kuwafukuza wanaoiua.

Hesabu ya kushika ni hii: kila meli kuu na kila meli ya kubeba ndege inahitaji meli 3 za kinga. Kikosi chenye manowari 2 na meli 2 za kubeba ndege kinadai kinga 12. Peleka 16, kwa sababu za mbele ndizo hufa kwanza, na hesabu iliyotimia asubuhi huenda isitimie jioni.

2. "Destroya ni za kutangulizwa zife, basi."

Nusu kweli. Kufa zinakufa, na ni nafuu kuzijenga upya. Ila anayeziona kama ngao tu hajaziangalia topido zake. Tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar nchini Ufilipino, kikosi cha Japani chenye manowari 4 kubwa, Yamato ikiwemo, kilikutana na meli ndogo 6 za Marekani za kubeba ndege. Walinzi wao walikuwa destroya 3 na meli 4 za kusindikiza zilizo ndogo kuliko destroya. Vyombo hivyo vidogo viliwavamia Wajapani kwa topido huku ndege zikiwashambulia kutoka juu. Yamato, manowari yenye mizinga mikubwa kuliko zote duniani, ikageuka kuzikimbia topido na kujikuta mbali na pambano. Miongoni mwa meli walizopoteza Wamarekani ni destroya Johnston na Hoel pamoja na meli ya kusindikiza Samuel B. Roberts, lakini Wajapani ndio walioondoka.

Katika gemu, zipe baadhi ya destroya zako topido za kutosha na nyingine vifaa vya kusaka nyambizi. Destroya inayojaribu kufanya kila kazi huwa ghali, na kila kazi inaifanya nusunusu.

3. "Kruza ni kruza."

Si kweli, na hapa ndipo wengi hujikwaa bila kujua. Kruza yenye mizinga myepesi tupu huhesabiwa kuwa kinga. Ukiiwekea hata seti moja ya mizinga ya kruza nzito, gemu inaihamishia safu ya meli kuu. Kwa kubadilisha kifaa kimoja, umepunguza kinga moja na umeongeza meli inayodai kinga 3.

Kruza nyepesi iliyojazwa mizinga myepesi ni chombo bora cha kuvunja safu ya mbele ya adui. Ukiiwekea rada na ndege ndogo za upelelezi, inakuwa jicho la kikosi katika doria. Kruza nzito nayo ina kazi yake: ni njia ya bei nafuu ya kupata meli kuu za kusimama mbele ya meli za kubeba ndege.

4. "Meli za kubeba ndege zinajitosheleza."

Si kweli. Kila moja inahitaji angalau meli kuu moja mbele yake, juu ya zile kinga 3. Zikizidi 4 katika pambano moja, ndege zao huanza kubanana na ufanisi unashuka.

Historia ina mfano mchungu. Tarehe 8 Juni 1940, baharini magharibi mwa Norway, meli ya Uingereza ya kubeba ndege, Glorious, ilifumaniwa na manowari za Ujerumani Scharnhorst na Gneisenau. Haikuwa na ndege hata moja angani, na walinzi wake walikuwa destroya mbili tu, Ardent na Acasta. Zote tatu zilizama. Hata hivyo, kabla ya kuzama, Acasta iliipiga Scharnhorst kwa topido na kuijeruhi vibaya.

5. "Nyambizi peke yake zinatosha."

Nusu kweli. Kwa nchi isiyo na viwanda vingi vya meli, nyambizi ndiyo silaha ya kumkata adui mafuta na chuma kwa kuwinda misafara yake. Lakini mbele ya destroya zilizoandaliwa, mwindaji hugeuka windo.

Bahari ya Hindi ililiona hilo kwa pande zote mbili. Februari 1944 msafara uliotoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo ulishambuliwa karibu na visiwa vya Maldivi na nyambizi ya Japani, I-27. Meli ya Khedive Ismail ilizama ndani ya dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wengi wao wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Kruza nzito Hawkins ilikuwa katika msafara huohuo, lakini mizinga yake haikuwa na dawa ya adui aliye chini ya maji. Ni destroya Petard na Paladin zilizoisaka I-27 kwa mabomu ya chini ya maji mpaka ikaibuka, na hatimaye topido ya Petard ikaimaliza.

6. "Meli kongwe ni za kutupwa."

Si kweli. Septemba 1940 Uingereza ilikubali kupokea destroya 50 kuukuu za Marekani na kutoa haki ya kujenga vituo vya kijeshi katika makoloni yake. Haikuzitaka kwa uzuri wake. Ilikuwa na misafara isiyo na walinzi. Katika gemu pia, unaweza kuirudisha destroya ya zamani kiwandani, ukaifunga sona na mabomu ya chini ya maji, ukaipa kazi ya kusindikiza. Destroya zako mpya zenye kasi zibaki na kikosi cha mashambulizi, ambacho hungoja bandarini bila kuchoma mafuta mpaka meli za doria zimwone adui.

Kwa hiyo, ukishindwa, usikimbilie kubuni manowari kubwa zaidi. Fungua taarifa ya pambano uangalie ni safu ipi iliyopoteza meli nyingi. Kama ni destroya, ongeza idadi yake au uzipe kruza nyepesi za kuzisaidia. Kama ni meli kuu huku destroya zikielea salama, kinga zilikuwa chache na topido zilipita. Kama ni misafara, hukuipa walinzi. Agizo lako linalofuata kiwandani litoke kwenye taarifa hiyo.