Baridi Yabisi Haitokani na Baridi: Kumwelimisha Mgonjwa wa Viungo katika Milima ya Usambara

Mji wa Lushoto uko katika mwinuko wa takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya vilele vya Usambara Magharibi hupita mita 2,000. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hutanda mabondeni na asubuhi huwa na baridi kali. Mkulima anayeamka akiwa na magoti yaliyokakamaa hana shaka juu ya chanzo cha maumivu yake: ni baridi. Jina la ugonjwa lamthibitishia hivyo, kwani huitwa baridi yabisi, na neno yabisi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kitu kikavu na kigumu.

Jina hilo laeleza vyema hisia ya mgonjwa, lakini halielezi ugonjwa wenyewe. Chini yake hujificha maradhi kadhaa yenye tiba tofauti, na kuyachanganya kwaweza kumgharimu mtu kiungo au uhai.

Jina moja, maradhi mengi

La kwanza, lililo la kawaida zaidi kwa watu wazima, ni kulika kwa gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Maumivu huongezeka kiungo kinapotumika na hupungua mtu akipumzika. Ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Umri, uzito mkubwa wa mwili, majeraha ya zamani na kazi nzito huchangia. Mwanamke aliyeteremka miteremko ya Usambara kwa miaka mingi akiwa na mzigo wa kuni au mboga kichwani ameyabebesha magoti yake kazi kubwa.

La pili ni rumatoidi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya vidole na viganja, pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi huweza kudumu saa moja au zaidi. Usipotibiwa mapema, viungo hupinda na haviwezi kurudi katika hali yake ya awali.

La tatu ni jongo, linalotokana na wingi wa asidi ya yuriki katika damu. Huja ghafla, aghalabu kwenye kidole gumba cha mguu. La nne ni usaha ndani ya kiungo: kiungo kimoja huvimba, huwa cha moto na hakikanyagiki, mara nyingi pamoja na homa. Hili ni la dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa watoto kuna homa ya baridi yabisi, ifuatayo maambukizi ya koo. Maumivu huhama kutoka kiungo hadi kiungo, kisha huisha. Lakini vali za moyo zaweza kubaki zimeharibika. Mtoto wa namna hii akichuliwa mafuta na kufunikwa blanketi pekee, moyo wake hubaki bila ulinzi wa sindano za penisilini anazozihitaji kwa miaka mingi.

Kusikia si kuelewa

Uelewa wa afya ni uwezo wa kupata taarifa, kuifahamu, kuipima na kuitumia. Si sawa na kujua kusoma. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 na mtafiti Roy Kessels wa Uholanzi ulionyesha kuwa wagonjwa husahau papo hapo asilimia 40 hadi 80 ya maelezo ya kitabibu. Katika Usambara kuna jambo la ziada: wazee wengi hufikiri na kueleza maumivu yao kwa Kishambaa, ilhali mhudumu huenda ametoka mkoa mwingine.

Swali "Umeelewa, mama?" halisaidii, kwa kuwa heshima humfanya mgonjwa ajibu "Ndiyo." Njia bora ni kumwomba aeleze kwa maneno yake, bila kumfanya mtu mzima ajione anatahiniwa. Mhudumu aweza kusema: "Shikamoo, mama. Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utawaambiaje wanao jinsi ya kukupa dawa hizi?" Kosa likionekana, maelezo hurudiwa kwa njia nyingine.

Vilevile, asidharau imani ya mgonjwa kuhusu baridi. Wagonjwa wengi huhisi maumivu zaidi wakati wa baridi, na joto huwapa nafuu. Yatosha kusema kuwa baridi yaweza kuamsha maumivu, lakini siyo iliyoharibu kiungo.

Bahasha ya dawa

Hatari iko wazi zaidi katika methotreksati, dawa kuu ya rumatoidi. Hunywewa mara moja tu kwa juma. Ikinywewa kila siku huharibu uboho na utando wa kinywa na tumbo, na imewahi kuua. Mgonjwa aliyezoea bahasha zenye maandishi "1 x 3" atatarajia kumeza kila siku. Kwa hiyo iandikwe siku yenyewe, kwa mfano "Jumapili tu", au ifungamanishwe na siku ya gulio la kijijini. Mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini zikitumiwa mfululizo bila usimamizi huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Prednisoloni hutoa nafuu ya haraka, lakini ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Wala isikatishwe ghafla. Dawa ya unga isiyo na jina inayoondoa maumivu kwa usiku mmoja itiliwe shaka, kwani katika nchi kadhaa dawa za aina hiyo zimekutwa zimechanganywa na prednisoloni au dawa za jamii yake.

Mgonjwa kama mtaalamu wa mwili wake

Mwishoni mwa miaka ya 1970, muuguzi Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianzisha mafunzo ya wagonjwa wa viungo yaliyoongozwa na watu wa kawaida, wengi wao wakiwa wagonjwa wenyewe. Ilibainika kuwa nafuu ilifungamana zaidi na mgonjwa kujiamini kuwa anaweza kuimudu hali yake. Kikundi cha kuweka na kukopa, kanisa au msikiti vyaweza kuwa darasa la namna hiyo.

Mambo ya kufundishana ni mepesi. Mgonjwa wa goti akae kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano, aushushe. Arudie mara kumi kwa kila mguu. Mzigo mmoja mkubwa ugawanywe kuwa miwili midogo. Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti takribani kilo nne za mgandamizo katika kila hatua. Asiyeweza kupiga magoti aweza kusali akiwa ameketi.

Kabla ya kuondoka zahanati, kila mgonjwa aulize mambo matatu: ugonjwa wangu ni upi kati ya hayo, dawa hii nainywa siku gani na kwa muda gani, na dalili ipi inirudishe hapa haraka. Mhudumu asimruhusu aondoke bila majibu hayo.