Mjini Hakuzaliwi Nyota

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei zitokazo angani, na kwa heshima ya siku ile na mahali pale ikapewa jina la Uhuru. Wengi wetu jina hilo tunalijua kwa bustani, barabara na mwenge. Kwa wanaastronomia ndilo lililofungua mlango wa kuelewa kwa nini galaksi zinazoishi kwa kubanana huacha kuzaa nyota.

Nyota huzaliwa pale haidrojeni iliyopoa inapojikusanya hadi ikaelemewa na uzito wake yenyewe. Gesi ya moto haikubali kukusanyika hivyo. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, bado inazaa: kila mwaka nyota zenye uzito wa jua moja au mawili hivi. Nyota kubwa za buluu hazidumu, miaka milioni kadhaa tu zimekwisha. Zile ndogo nyekundu huishi na kuishi. Kwa hiyo ukiona galaksi ina ubuluu, ujue nyumba hiyo bado ina watoto. Iliyobakiwa na wekundu mtupu ni nyumba ya wazee.

Sasa, mwaka 1980 Alan Dressler alichapisha matokeo ya kukagua makundi 55 ya galaksi. Galaksi zenye mikono iliyojizungusha kama kipepeo cha watoto, ambazo ndizo wazazi wazuri wa nyota, zilijaa pembezoni, na kadiri msongamano ulivyozidi ndivyo zilivyoadimika. Kijijini tele, mjini chache.

Mji huo una nini? Jibu la kwanza lilikuwa limeshatoka kwa Uhuru. Iliona kwamba kundi la Coma na lile la Mashuke yanatoa eksirei, na hazikutoka kwenye nukta moja bali zilitanda eneo pana. Mwaka 1976 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile miaka miwili kabla, ikakuta alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus, na ubishi kuhusu chanzo cha eksirei hizo ukapungua: kati ya galaksi kumejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Ukijumlisha yote, uzito wake unazidi ule wa nyota zote za kundi mara kadhaa. Lakini ni nyepesi ajabu. Dumu la lita 20 likijazwa gesi hiyo lingebeba protoni makumi machache tu.

Kitu chepesi hivyo kitamdhuru nani? Panda bodaboda siku ambayo hata jani halitikisiki. Dereva akikaza mwendo upepo utaupata, na mtandio wako usipoushika utauacha nyuma. Nguvu ya upepo huo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo mara mbili, msukumo mara nne. Galaksi inayotumbukia katika kundi kubwa huenda kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde au zaidi. Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walipiga hesabu wakaonyesha kwamba kwa kasi hiyo gesi ya galaksi inachomolewa. Nyota hazisogei, ni kama sarafu mfukoni mwa abiria. Kinachopeperuka ni mtandio. Galaksi ya ESO 137-001, katika kundi la Norma, inaburuta mkia wa gesi wa zaidi ya miaka ya nuru 200,000, na ndani ya mkia huo nyota changa zinazaliwa njiani. Wataalamu huziita galaksi za namna hii yavuyavu, na mvuvi yeyote akiiona picha hatauliza sababu.

Picha za mikia zinapendeza, na nahisi zimetupumbaza kidogo. Ipo njia nyingine isiyo na mkia wa kupigwa picha: galaksi huachiwa gesi iliyo nayo, ila hukatiwa ile mpya iliyokuwa ikiingia kutoka nje. Inaendelea kuzaa mpaka akiba iishe. Yingjie Peng na wenzake walitafuta dalili yake katika nyota zenyewe, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Mchuzi ukiachwa jikoni bila kuongezwa maji, chumvi hukolea. Vivyo hivyo, gesi isiyochanganywa na mpya huzidi kukolea chuma na elementi nyingine nzito zinazotapikwa na nyota zinazokufa. Walipopima galaksi zilizokwisha kuzima, za mjini na za kijijini, wakakuta nyota zao zimekolea hasa. Kufa kwenyewe kulichukua takriban miaka bilioni nne.

Mwezi Mei, mnamo saa tatu au saa nne usiku, tazama juu ya utosi, kidogo upande wa kaskazini, kati ya makundi ya nyota ya Simba na Mashuke. Kwa macho matupu hutaona kitu. Ukiwa mbali na taa za mji, darubini ya mikononi itakuonyesha doa hafifu. Hiyo ni M87, galaksi kuu katikati ya kundi la Mashuke, na karibu nyota zake zote ni kongwe. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka milioni 50 kukufikia.