Majani ya Mshubiri Yakigeuka Kahawia

Mshubiri wa kwenye chungu ukianza kugeuka kahawia, mwenyewe hukimbilia kopo la maji. Naelewa kwa nini: jani lililokunjamana na kubadilika rangi huonekana lina kiu. Lakini mishubiri mingi ninayoletewa hufika udongo wake ukiwa bado umelowa, na maji hayo ya huruma ndiyo yaliyoiangusha.

Mmea huu, ambao wengi tunauita alovera, asili yake ni Rasi ya Arabia, na hadi leo huota porini katika milima ya kaskazini mwa Oman. Kule mvua ni chache, na ikinyesha maji hupita haraka katikati ya mawe. Kwa hiyo mshubiri huweka akiba ya maji ndani ya majani yake manene, na matundu ya hewa yaliyo kwenye ngozi ya jani huyafungua usiku, jua likishazama. Hapo huvuta hewa ukaa, huihifadhi kama tindikali, kisha huitumia mchana matundu yakiwa yamefungwa. Mmea wa namna hii hunywa polepole sana. Ukiupa maji kama mchicha, yatakaa tu chunguni.

Na maji yakikaa, mizizi hukosa hewa. Vimelea vya ukungu vilivyomo udongoni hupata nafasi, mizizi ikaoza. Hapa ndipo watu wengi hupotea: mzizi uliooza hauwezi tena kuvuta maji, hivyo majani hunywea na kujikunja sawasawa na ya mmea wenye kiu, ilhali udongo ni tope. Mwenye mmea akiona hivyo huongeza maji, na uozo hupanda hadi kwenye shina.

Ili kujua, usitazame rangi peke yake. Shika jani la chini kwa kidole gumba na cha shahada, ulibonyeze karibu na shina. Likiwa limelegea kama lililochemshwa, lina ukahawia wenye majimaji na linachomoka bila kuvutwa kwa nguvu, ni uozo. Kisha chomeka kijiti kikavu udongoni hadi karibu na kitako cha chungu. Kikitoka na unyevu, huhitaji ushahidi mwingine.

Toa mmea wote chunguni, ukung'ute udongo. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa manjano. Uliooza ni mweusi, unateleza na una harufu mbaya. Kata ulioharibika wote kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, hadi ufike penye nyama safi. Laza mmea kivulini siku kadhaa vidonda vikauke. Usiuonee huruma, maji yake umebeba majanini. Upande upya katika mchanganyiko wa mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, changarawe na mboji kidogo. Walio Arusha au Naivasha watumie vile vijiwe vyepesi vya volkano, ni vizuri mno. Chungu cha udongo ni bora kuliko ndoo ya rangi, na kwa vyovyote lazima kiwe na tundu chini. Ngoja kama wiki moja ndipo umwagilie.

Jani likiwa gumu lakini limeingia wekundu wa kahawia upande unaotazama jua, hiyo ni habari nyingine, tena nyepesi. Mmea umetolewa sebuleni ukawekwa ghafla barazani, pengine kando ya ukuta mweupe unaorudisha joto, nao umetengeneza rangi ya kujikinga. Usogeze penye jua la asubuhi tu, rangi itarudi taratibu. Doa kavu lililoungua halitapona, lakini halisambai, liache.

Ncha zikikauka peke yake, chunguza maji unayotumia. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nayo hujikusanya chunguni ikaacha ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua, umwagilie kwa wingi mara moja ili chumvi itoke kwa chini. Mchanga wa ufukweni usiutumie kamwe. Majani ya chini kabisa yakikauka moja moja huku ya katikati yanachipua vizuri, huo ni uzee tu.

Vidoa vya mviringo vyenye kahawia iliyokolea ni kutu ya ukungu: ondoa jani, na usilowanishe majani unapomwagilia. Ukiona utando mweupe kama pamba kwenye maungio, hao ni vidung'ata. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti.

Baada ya hapo, mwagilia hadi maji yatoke kwenye tundu, umwage yaliyobaki sahanini, kisha usirudie mpaka kijiti kitoke kikavu. Nairobi au Arusha, kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, hiyo inaweza kuwa hata wiki 3 au 4.

Shina likiwa limeoza lote, usihangaike kupanda jani. Jani la mshubiri peke yake kwa kawaida huoza kabla ya kutoa mizizi. Tafuta vichipukizi pembeni mwa mama yao, chagua vilivyo vigumu na vyenye mizizi yao wenyewe, uvihamishie kwenye udongo mpya leo hii, kabla uozo haujavifikia.