Unagandisha biskuti za sikukuu? Friza haiui vijidudu

Arusha. Ikifika wiki ya pili ya Desemba, jikoni kwa mama mmoja mkazi wa Kata ya Terrat, jijini Arusha, hukosi kumkuta akikanda unga. Anaoka biskuti kwa mkaa, moto kidogo chini ya sufuria na mwingine juu ya mfuniko. Kila awamu haitoi zaidi ya biskuti 15.

Kwa kuwa familia husafiri kwenda Rombo kwa bibi kabla ya Krismasi, huanza mapema na kuhifadhi kwenye friza.

“Mwanangu, nikisubiri wiki ya sikukuu nitakesha jikoni. Nikigandisha, siku ya safari natoa tu,” anasema.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini mwaka jana nusura umtokee puani. Umeme ulikatika asubuhi ukarudi kesho yake mchana. Donge la unga lililokuwa kwenye friza likalainika, kisha likaganda tena. Siku iliyofuata, wakati akikata biskuti, mjukuu wake wa miaka minne akamega unga mbichi na kula. Usiku akaanza kutapika na kuhara, akalazwa siku mbili.

“Siwezi kuapa kuwa ni ule unga, ila tangu siku hiyo hapa kwangu hakuna anayeonja unga mbichi,” anasema.

Baridi hulaza tu

Wengi tunaamini kwamba kilichoganda kiko salama. Ukweli ni kwamba friza yenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri huzuia bakteria wasizaliane, lakini haiwaui wote. Chakula kikiyeyuka, waliosalia huanza tena kuongezeka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kisikae muda mrefu kati ya nyuzi joto 5 na 60, kwa sababu hapo ndipo bakteria huzaliana kwa kasi.

Mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Kisichofahamika na wengi ni kwamba hata unga wa ngano ni chakula kibichi. Ngano inaweza kupata vijidudu tangu shambani, na kuisaga hakuviui. Kwa hiyo unga wa biskuti usio na mayai nao si wa kulamba.

Mwaka 2009 nchini Marekani, zaidi ya watu 70 katika majimbo 30 waliugua kutokana na bakteria wa E. coli baada ya kula unga mbichi wa biskuti uliouzwa ukiwa umeshakandwa. Wengi wao walikuwa watoto na vijana.

Gandisha hivi

Njia salama zaidi ni kuoka kwanza. Acha biskuti zipoe kabisa, kwa sababu zikifungwa na joto lake, mvuke hugeuka barafu na kuzilainisha. Zipange kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, kila safu ukitenganisha na karatasi ya kuokea. Andika tarehe. Ukizitunza hivyo, ladha hubaki nzuri kwa takriban miezi mitatu.

Ukitaka kugandisha unga, ukate kwanza kwa umbo la biskuti badala ya kuweka donge zima. Vipande vidogo huganda haraka, na unaweza kuvioka bila kuviyeyusha kwa kuongeza dakika moja au mbili.

Desemba friza hujaa nyama ya mbuzi na kuku. Biskuti zikae juu, nyama ikae chini ikiwa imefungwa vizuri, ili maji yake yasidondokee chakula kingine.

Umeme ukikatika

Usifungue friza. Iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu ni kama saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu.

Kama unasafiri, gandisha kikombe cha maji kisha weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, ujue friza iliyeyuka ukiwa haupo, hata kama kila kitu kimeganda tena. Unga uliolainika na kupoteza baridi, utupe. Ule ambao bado una chembe za barafu unaweza kurudishwa.

Usiye na friza usijione umeachwa nyuma. Biskuti kavu, zisizo na krimu wala jamu, hukaa wiki mbili kwenye bati lililofungwa vizuri mahali pakavu.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi chumvi (ORS) mapema. Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri iwapo ana damu kwenye choo, macho yamedidimia, amelegea au anashindwa kunywa.

Mwaka huu mama wa Terrat ameoka biskuti zake zote kabla ya kuzigandisha. Mjukuu wake, sasa ana miaka mitano, anasimama pembeni ya jiko akisubiri iliyoiva.

“Bibi, hii imepoa?” anauliza.

“Imepoa, baba. Nawa mikono kwanza.”