Barafu ya Margherita na mito yetu ya Nyanda za Juu

Kila Julai mkulima wa viazi pembezoni mwa uwanda wa Kitulo huamka akakuta sakitu imeunguza majani. Kwa baridi ya namna hii, mbona juu ya Mlima Rungwe ulio jirani hakuna barafu kama ile ya Margherita?

Sababu ni kimo. Rungwe haufiki mita 3,000. Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, kina mita 5,109, na mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu yake. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Sakitu yetu huyeyuka jua likichomoza, ilhali barafu hudumu pale tu theluji inayoanguka inapozidi inayoyeyuka, mwaka hadi mwaka.

Namna milima hiyo ilivyopata kimo chake inanivutia zaidi. Yote ipo kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lakini Rungwe ni volkano iliyojijenga kwa lava na majivu. Rwenzori si volkano: ni pande la miamba ya kale sana lililoinuliwa kati ya nyufa za ardhi. Ndiyo maana kuta zake zimesimama wima, na anayepanda Margherita huhitaji kamba na viatu vya meno.

Mwaka 1906, Dyuki wa Abruzzi kutoka Italia alipokifikia kilele hicho na kukipa jina la malkia wa kwao, barafu ilikuwa kwenye milima sita ya safu hiyo. Kufikia 2003 ilibaki kama kilomita 1 ya mraba tu, na bado inakwisha. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo wanaoamini kuwa mungu Kitasamba hukaa kwenye theluji ile, huo ni msiba mzito.

Wengi hudhani barafu ikiisha mito nayo itakufa. Vipimo vya Mto Mubuku, upande wa Uganda, vinasema vingine: maji ya barafu hayafiki asilimia 2, hata kiangazi. Mto unalishwa na mvua inayohifadhiwa na misitu na maeneo oevu ya mlimani. Kiwira nao hushuka kutoka Rungwe hadi Ziwa Nyasa bila tone la barafu. Na Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 hukatika kila kiangazi ndani ya hifadhi kule Iringa, haukupoteza barafu yoyote. Maji yake huchepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu kabla hayajavuka ardhi oevu ya Ihefu.